Nani Atashika Daftari la Maji?

Ndugu wasomaji, napenda mwezi huu nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Maskati tumelisahau, kwa kuwa hutufikia mezani likiwa limekwisha oshwa na kukatwa. Jambo lenyewe ni ukulima. Tangu soko kuu la mboga na matunda lilipohama Mawaleh kwenda Khazaen, upande wa Barka, mwaka 2024, hata ile safari ya alfajiri ya kwenda kuchagua tungule na mabamia kwa mikono yetu wengi tumeiacha, tukamwachia mwenye duka la mtaani atuchagulie. Nasi ni watoto wa wakulima, tukubali tusikubali. Ni aila chache miongoni mwa zinazosoma waraka huu zisizokuwa na babu aliyemiliki mikarafuu Unguja au Pemba, minazi Lamu au Tanga, au mitende katika wilaya mojawapo ya Omani, na baadhi yao walikuwa na huku na huko kwa wakati mmoja.

Siku hizi magazeti na mikutano imejaa maneno ya mustakbali wa ukulima. Tunasikia habari za kampuni zinazootesha saladi bila ya udongo, za droni zinazochavusha mitende, za vihisio vinavyozikwa ardhini vikaeleza kwa simu kama mti una kiu. Vijana wetu wanayafurahia, na wana haki. Mimi nimesomesha jiografia miaka thelathini na moja, wala simo katika wanaodhani kwamba kila mashine ni balaa. Lakini nimeona kwamba katika mazungumzo yote haya suala moja haliulizwi, au huulizwa mwisho, watu wakiwa wamekwisha simama kwenda kunywa kahawa: mwaka mbaya ukija, hasara ataibeba nani, na nani atakuwa ameshika daftari?

Nieleze kwanza kwa nini nasema daftari. Babu yangu aliondoka kijijini kwao, milimani juu ya Rustaq, akenda Pemba katika miaka ya 1930. Aliacha nyuma mitende michache na athari tatu za maji katika falaji ya kijiji. Kwa wasiojua, athari ni kipande cha muda, kiasi cha nusu saa, ambacho mwenyewe ana haki ya kuyaelekeza maji yote ya falaji katika shamba lake kila zamu yake inapofika. Babu hakurejea, alifia Wete. Baba yangu aliporejea Omani mwaka 1975 pamoja nasi, mimi nikiwa na miaka kumi na sita, alikwenda kijijini akiwa hana hata karatasi moja mkononi. Wakili wa falaji, mzee aliyekwisha pungukiwa na macho, akamwambia mwanawe afungue kitabu. Jina la babu lilikuwamo, na athari zake tatu zilikuwamo. Kwa miaka yote ile zilikuwa zikikodishwa mnadani, na fedha yake, baada ya kutolewa fungu la matengenezo ya falaji, ilikuwa imeandikwa mwaka kwa mwaka. Haikuwa fedha nyingi. Baba alisema yatosha kununua mbuzi wawili na kilemba. Lakini hesabu ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari kwa miaka arobaini ilikuwa imehifadhiwa na watu ambao wengi wao hawajapata kumwona.

Falaji zilizo hai katika Omani zinakadiriwa kuwa kiasi cha 3,000, na tano kati ya hizo ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006: Daris ya Nizwa, Al Khatmein ya Birkat al Mouz, Al Malki ya Izki, Al Muyassar ya Rustaq na Al Jeela ya upande wa Sur. Watalii huzipiga picha mifereji yake, na kwa kweli mifereji ni mizuri, lakini mimi huona kwamba kazi kubwa zaidi ya wazee wetu haikuwa mfereji. Ilikuwa ni mpango wa watu. Falaji kubwa ina wakili anayeisimamia, ina arifu anayegawa zamu, ina kabidhi anayeshika fedha, na ina dalali anayenadi maji ya ziada. Mchana walipima wakati kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, usiku kwa nyota. Maji hupita kwanza mahali pa kuchotwa ya kunywa, ndipo yaende msikitini na mahali pa kuogea, kisha kwenye mitende, na mwisho kwenye mazao ya msimu.

Sasa tazameni hekima iliyojificha katika athari. Mtu hakumiliki mapipa ya maji, alimiliki muda. Mvua ikikosekana miaka miwili na maji yakapungua kwa nusu, nusu saa ya tajiri nayo imepungua kwa nusu, sawasawa na nusu saa ya mjane. Hakuna awezaye kusema, mimi niliahidiwa kiasi kadha, nipeni changu. Na ukame ukizidi, mazao ya msimu huachwa yasipandwe mwaka ule ili mitende isife, kwa sababu mtende uliokufa si hasara ya mwaka mmoja. Kadhalika mfanyakazi wa mitende, ambaye hapa huitwa bidari, hakulipwa mshahara bali alipewa fungu katika mavuno. Mitende ikizaa alishiba pamoja na mwenye shamba, isipozaa waliona njaa wote, ingawa ni kweli njaa ya bidari ilikuwa kali zaidi. Sitaki nipambe mambo ya kale kuliko yalivyokuwa. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na wizi wa maji usiku, na palikuwa na wakubwa waliokula haki za wadogo. Lakini kila aliyekuwa na hisa alijulikana, na hasara ilikuwa na njia ya kugawanywa.

Kisha ikaja pampu. Baada ya mwaka 1970 nchi ilipofunguka, pampu za dizeli zilienea katika pwani ya Batina kama uyoga. Hapo kale maji ya visima vya Batina yalivutwa na ng'ombe, polepole, na ng'ombe huchoka. Pampu haichoki. Baba yangu naye alinunua shamba Musanaah mwaka 1978 kwa akiba ya mshahara wake, lenye visima viwili, na akapanda mitende na midimu. Ilikuwa ni raha kubwa kwetu, kwani kila Alkhamisi tulipakia vyungu tukaenda huko, na watu wazima wakazungumza Kiswahili chini ya miti kama wako Konde. Falaji ilikuwa na wakili, pampu haina wakili. Kila mtu alichimba chake, akavuta awezavyo, na jirani naye akavuta awezavyo ili asipitwe. Maji matamu ya chini ya ardhi yakashuka, na bahari, ambayo iko pale pale ikingoja, ikaingia chini kwa chini kuchukua nafasi iliyoachwa. Sheria ya mwaka 1988 iliyafanya maji kuwa mali ya taifa zima, na vibali vya kuchimba visima vikabanwa. Hata hivyo ukulima ndio unaotumia sehemu kubwa kabisa ya maji matamu ya nchi hii, zaidi ya sehemu nne katika kila tano, na chumvi ya Batina haikurudi ilikotoka.

Midimu yetu ilikufa kabla ya mitende, na si kwa chumvi peke yake. Ule ugonjwa wa ufagio wa mchawi, unaofanya matawi kuchipua machaka membamba kama fagio, ulioonekana Omani tangu miaka ya 1970, uliteketeza midimu ya Batina hata nchi iliyokuwa ikisifika kwa ndimu kavu ikawa inaagiza ndimu. Halafu miaka ya 1990 akaja yule fukusi mwekundu anayetoboa moyo wa mtende. Baba alipofariki mwaka 1998 alituachia mitende mia moja na arobaini. Leo iliyo hai ni sitini na mitatu, na ile ya upande wa bahari inazaa tende ndogo ambazo hata mbuzi huzichagua.

Nayasema haya ili msomaji aelewe hali tuliyokuwamo mwaka jana, kampuni moja ilipotuletea barua ya kutaka kulikodi shamba letu kwa miaka kumi na mitano. Jina la kampuni silitaji, wala hawajatudhulumu. Walikuja kwa adabu, vijana wawili wa Kiomani na mhandisi mmoja kutoka nje, wakakaa barazani wakanywa kahawa. Wanataka kujenga vitalu vya plastiki vyenye kupozwa hewa, kupanda tungule, matango na pilipili boga bila ya udongo, kwa maji ya kisima chetu hicho hicho yatakayopitishwa katika mashine ya kuchuja chumvi. Maji yatumikayo huzunguka tena, hayamwagwi ardhini. Tungevuna, walisema, mboga nyingi mara kadhaa kuliko tunazovuna kwa kumwagilia kwa mifereji, na kwa maji machache mno. Kodi yao kwa mwaka ni zaidi ya tulichokipata katika shamba lile kwa miaka sita iliyopita.

Sisi warithi ni saba, kaka zetu na dada zetu, na kwa mujibu wa mirathi kila mmoja ana fungu lake ambalo peke yake halitoshi hata kujengea banda la kuku. Ndugu yetu mkubwa alitaka kutia saini siku ile ile. Mimi nilimwomba subira ya miezi miwili. Nilikwenda kwa binti wa kaka yangu, ambaye amesomea ukulima katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na anafahamu mashine hizi, nikamwambia anisomee mkataba neno kwa neno kama ninavyosomewa barua.

Akaniambia, "Shangazi, ukulima wao ni wa kweli, si hadaa. Lakini tazama ukurasa wa nne." Akanieleza kwamba mashine ile haifuti chumvi, bali huitenga. Katika kila mapipa kumi ya maji ya kisima yatakayoingia, kwa mashine ya kadiri ile, sita au saba yatatoka matamu, na yaliyobaki yatakuwa na chumvi yote iliyokuwa katika kumi. Mkataba haukueleza maji hayo makali yatapelekwa wapi. Mashamba mengine humwaga katika kisima kilichokufa au nyuma ya ukuta, na kutoka hapo yanakwenda kwa jirani. Jirani yetu wa kusini ni mjane mwenye mitende ishirini na tano na mbuzi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya kampuni hizi kama nilivyokuwa nikisoma kabla ya kuingia darasani, na niliyoyaona nitayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa yana manufaa kwa kila aila yenye kiwanja cha urithi.

Wapo watu wanaostahiki sifa. Mwingereza Charlie Paton, aliyekuwa fundi wa taa za maonyesho, alibuni kitalu kinachopozwa kwa maji ya bahari: maji hutiririka juu ya makaratasi mazito yenye vitundu kama sega la nyuki, upepo wa jangwa hupita ndani yake ukapoa na kulowa, na ule unyevu ukigusa mabomba baridi hugeuka maji matamu. Alijaribu kwanza Tenerife mwaka 1992, kisha Abu Dhabi mwaka 2000, na mwaka 2004 hapa hapa karibu na Maskati kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Mwaka 2017 wazo hilo likapelekwa Berbera, Somalia ya kaskazini, ambako upepo na jua ni kama wetu. Kadhalika Dubai kuna kituo cha utafiti cha ICBA kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho kazi yake ni kutafuta mimea inayokubali maji ya chumvi badala ya kuilazimisha ardhi iwe kama ya Ulaya. Mimi napenda fikra hiyo. Ni fikra ya mkulima, inaanza na kilichopo.

Na zipo kampuni kubwa zenye fedha kubwa. Dubai mwaka 2022 lilifunguliwa shamba la Bustanica, lililojengwa ndani ya jumba, ambalo mimea yake hupangwa ghorofa juu ya ghorofa chini ya taa, likikusudia kutoa zaidi ya kilo milioni moja za majani ya saladi kwa mwaka kwa maji pungufu kwa asilimia 95, na sehemu kubwa ya saladi hiyo huliwa na abiria wa ndege za Emirates. Mambo ya ajabu, mashaallah. Lakini kampuni ya Kimarekani ya AeroFarms, iliyokuwa ikitajwa kila mahali kuwa ndiyo kesho ya dunia, mwaka 2023 ilifungua kituo cha utafiti Abu Dhabi mwezi wa Februari, na mwezi wa Juni ikaomba kinga ya mahakama kule Marekani dhidi ya wadai wake. Umeme na mtaji ni ghali, na saladi hata ikiwa ya ajabu huuzwa kwa bei ya saladi. Mtu aliyekodisha ardhi kwa kampuni ya namna hiyo lazima ajiulize: ikifilisika, nani atayabeba mapaa na mabomba yaliyobaki uwanjani?

Jirani zetu wa Saudia wana somo kubwa zaidi. Waliamua kujitosheleza kwa ngano, wakachimba visima virefu vya maji ambayo yalikaa chini ya jangwa maelfu ya miaka bila ya kuongezeka, wakalipa ruzuku, na mapema miaka ya 1990 wakavuna kiasi cha tani milioni nne kwa mwaka hata wakauza nje. Mwaka 2008 waliamua kupunguza hatua kwa hatua, na kufikia 2016 serikali ikaacha kununua ngano ya ndani, ingawa baadaye imeruhusu tena kwa kiasi na kwa masharti. Kampuni yao ya maziwa ya Almarai ilinunua ardhi Arizona mwaka 2014 ili kuotesha majani ya ng'ombe na kuyasafirisha kwa meli. Watu wa kule, ambao nao visima vyao vinashuka, walilalamika, na mwaka 2023 mkuu wa jimbo akavunja sehemu ya ukodishaji huo. Maji ya mtu hayawi mengi kwa kuyafunga katika robota la majani.

Hapa kwetu, serikali iliunda kampuni ya uwekezaji wa chakula mwaka 2012, na kutokana nayo tukapata miradi kama Mazoon Dairy huko Sunaynah, ambao maziwa yake yamo katika majokofu yetu. Mwaka 2009 marehemu Sultan Qaboos aliagiza mradi wa mitende milioni moja. Na katika Najd ya Dhofar, nyuma ya milima, ngano inapandwa kwa maji ya chini ya jangwa, nayo ni maji ya kale. Sipingi. Nchi isiyokuwa na akiba ya chakula hubabaika, na sote tunakumbuka rafu za maduka katika miezi ya mwanzo ya maradhi ya mwaka 2020. Ninachotamani ni kwamba pawepo, kwa kila kisima cha Najd, mtu wa kufanya kazi ya arifu: asimame kando, apime, na aseme mbele ya watu ni kiasi gani kimebaki.

Wapo watakaosema, haya ni ya Ghuba, sisi moyo wetu uko kwetu. Basi twendeni Unguja, kwani huko nako kampuni ziliwahi kuleta mustakbali pwani, na tumekwisha kuona ulivyokwenda. Mwaka 1989 ulianza ukulima wa mwani wa biashara katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kampuni za kusafirisha zilitoa kamba na mbegu, na wakulima, wengi wao wanawake, wakauza mwani wao kwa kampuni hizo hizo. Wanawake wale walipata fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakajenga nyumba na kusomesha watoto, na mimi sitakubali mtu aidharau kazi ile. Lakini bei ilipangwa mbali. Kisha bahari ikapata joto, na mwani aina ya kotonii, ulio na bei nzuri, ukaanza kufa maji ya kina kifupi, ukabaki ule wa spinosamu wenye bei ndogo. Hasara ya joto la bahari iliangukia wapi? Iliangukia kwenye migongo ya akina mama waliokuwa wamesimama majini. Kampuni inunuayo Unguja inaweza kununua kwengineko.

Aliyefanya kazi ya uwakili hapo alikuwa mtaalamu, Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Alishughulika kuwafundisha wakulima kufuga mwani katika maji marefu zaidi kwa nyavu za mirija, na kuutengeneza kuwa sabuni na bidhaa nyingine, ili wasiuze majani makavu tu. Ni kazi isiyokuwa na kelele, na wala haikumaliza taabu. Lakini baadhi ya wakulima sasa wana kitu cha kuuza ambacho bei yake wanaitaja wao.

Karafuu nazo tunazijua. Kwa muda mrefu mnunuzi alikuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, na mkulima wa Pemba akipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia alipakia magunia usiku kuelekea Mombasa. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar iliahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, na magendo yakapungua. Tukizungumzia karafuu, na tuwe wakweli. Babu zetu wa karne ya kumi na tisa, zama za Seyyid Said na baada yake, walikuwa nao watu wa mustakbali wa ukulima wa wakati wao, wenye mtaji, meli na masoko, na mashamba yao yalipandwa na kuchumwa na watumwa ambao katika daftari walikuwamo upande wa mali, si upande wa wenye hisa. Nimesomesha somo hilo kwa wasichana wa Maskati kwa miaka mingi, na kila mara darasa hunyamaza. Heri linyamaze kuliko lisifahamu.

Kwa sababu hiyo nilipourudia mkataba wetu nilimtafuta ndani yake mtu mmoja ambaye hakutajwa. Ni mfanyakazi wetu, Mbengali, aliyetunza mitende yetu kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye apandaye kuchavusha, ndiye aliyeugundua ule mtende wa kwanza ulioingiwa na fukusi kwa kuutegea sikio. Kaka zangu waliniambia kampuni itakuja na watu wake, na kwamba vitalu havihitaji watu wengi. Hilo ni kweli. Lakini katika utaratibu wa wazee wetu yeye ni bidari, na bidari ana fungu.

Baada ya kushauriana, na mashauriano yalikuwa na sauti za juu, sisi warithi saba tuliwajibu hivi. Kwanza, hatutaki kodi kamili ya kila mwaka. Tutachukua kodi ndogo, na juu yake fungu katika mavuno, kwa mfano wa mapatano ya musaqati ambayo yamo katika vitabu vyetu vya fiqhi tangu zamani: mwaka mzuri tufurahi pamoja, mwaka mbaya tuvumilie pamoja, na hesabu za mauzo tuzione kila baada ya miezi mitatu. Maji ya chumvi kali yakaushwe katika bwawa lililotandikwa ndani ya eneo letu sisi, na kipimo cha kisima cha jirani yetu wa kusini kichukuliwe kabla ya kuanza na kila mwaka, gharama iwe ya kampuni. Mitende sitini na mitatu isikatwe, na fungu la maji matamu liwe lake. Mfanyakazi wetu aajiriwe kwa mkataba uliosajiliwa au alipwe haki yake yote ya miaka kumi na tisa mkononi kabla ya vitalu kusimamishwa. Na dhamana ya fedha iwekwe benki ya kuondolea majengo, ikitokea kampuni kuanguka.

Ndugu yetu mkubwa alisema tumewafukuza. Haikuwa hivyo. Baada ya majuma matatu waliandika kwamba wanakubali habari ya mitende na ya mfanyakazi, na kwamba fungu katika mavuno wanaweza kulifikiria ikiwa kodi ya awali itashuka zaidi. Dhamana ya benki wameipunguza kwa nusu. Juu ya bwawa la kukaushia na kipimo cha kisima cha jirani, wameandika sentensi mbili za heshima zisizokuwa na maana yoyote, na binti wa kaka yangu amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu akazirudisha. Tunangoja jibu. Mjane wa kusini nilimwendea mwenyewe nikamweleza yote, akanionyesha kisima chake, na tukachukua chupa ya maji kuipeleka kupimwa, ili tarehe iwepo.

Nina ombi kwa wasomaji. Aila yoyote miongoni mwenu iliyokwisha kodisha shamba kwa kampuni, iwe Batina, Dakhiliya au hata Unguja na Pemba, naomba waniletee kwa mkono wa mhariri habari ya masharti waliyoyapata, hasa juu ya maji yanayotoka na juu ya wafanyakazi waliokuwapo kabla. Majina yenu hayatatajwa. Nitayapanga pamoja na yetu, na mhariri ameniahidi ukurasa mmoja wa kuyachapa kabla ya msimu wa kuchavusha mitende.